Kwa joto la Dar, panda kwanza, mjusi baadaye

Mtu akipata hamu ya kufuga mjusi kwenye sanduku la kioo lenye mimea, swali lake la kwanza huwa ni moja: mjusi nampata wapi? Kwangu hilo ni swali la mwisho. Mjusi wa mitini anategemea mmea kwa kila kitu. Hujificha kwenye majani, huwinda kwenye majani, na maji hanywi kwenye kisahani bali hulamba matone yaliyoshika kwenye jani. Ukimweka kwenye sanduku lenye mimea iliyopandwa jana, au ya plastiki, unampa mahali pa kukaa tu. Jenga bustani, iache ishike mizizi, ndipo umfikirie mnyama.

Na bustani hiyo iwe ya Dar es Salaam. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao kazi yao kubwa ni kuzuia joto na unyevu visitoroke. Sisi shida yetu ni kinyume kabisa. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana unapita nyuzi joto 30, na hewa ya pwani tayari imebeba maji. Ukiziba sanduku pande zote na kuweka mkeka wa kupasha joto chini kama ulivyoelekezwa, unampika mnyama. Kabla hajafa, mizizi itakuwa imeoza na ukungu umetanda kwenye udongo.

Kwa hiyo fundi wa vioo na aluminiamu aambiwe mapema: juu kuwe na wavu mtupu, na mbele, chini ya mlango, kuwe na ukanda mwingine wa wavu. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, hewa mpya ikaingia kwa chini, bila feni. Nalisisitiza hili la feni kwa sababu umeme hukatika, na sanduku linalotegemea mashine ili mnyama apumue halifai mji huu. Kwa mjusi mdogo wa mitini, upana wa sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 60 unatosha. Kimo ndicho muhimu, kwa sababu mnyama huyu anaishi kwa kupanda na kushuka.

Usiliweke dirishani jua linapopiga. Kioo hunasa joto haraka sana. Tena kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno ambayo mjusi wa mchana anaihitaji ili mwili utengeneze vitamini D na mifupa ipate kalsiamu, kwa hiyo jua la kupitia dirishani linaleta moto bila faida. Baraza yenye kivuli, ambako mwanga wa asubuhi unaingia kupitia wavu wa juu, ni bora zaidi. Ndani ya nyumba utalazimika kununua taa maalumu ya miale hiyo.

Sasa udongo, mahali ambapo sanduku nyingi hufia. Chini kabisa weka sentimita 4 au 5 za kokoto, vigae vilivyopondwa au vipande vya mkaa, ili maji yanayozidi yapate pa kukaa mbali na mizizi. Juu yake tandika kipande cha wavu wa mbu wa dirishani kuzuia udongo usididimie. Kisha ndiyo udongo wenyewe: usumba wa nazi uliochambuliwa na kulowekwa, uchanganywe na mchanga wa mto na udongo mwepesi usio na samadi wala mbolea ya chumvichumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Funika yote kwa majani makavu ya mkungu, ambayo mitaa yetu inayafagia na kuyachoma kila siku. Chini ya majani hayo waache wadudu wadogo wa kijivu wanaojikunja kuwa duara wakiguswa. Wanakula kinyesi na majani yaliyooza, na kazi yao huwezi kuifanya wewe kwa kitambaa.

Mimea ipo tele kwa wauza maua wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Chagua ya kivuli: kangaga, mitambazi ya ndani ya nyumba, na sansevieria yenye majani marefu magumu yaliyosimama wima. Sansevieria nyingi asili yake ni Afrika Mashariki, na mjusi wa mchana hupenda jani gumu la wima. Ongeza mianzi iliyo wazi mwisho, na kifuu kilichotobolewa. Kila mmea uoshwe hadi mizizi itoe udongo wote wa kitalu, kwa maana hujui ulipuliziwa dawa gani. Kisha subiri miezi miwili. Jani likichipua ndani humo, lile la zamani likinyauka na kuoza bila harufu mbaya, mfumo umeanza kufanya kazi. Nyunyizia asubuhi, kwa maji ya mvua ukiweza, kwa kuwa visima vingi vya Dar vina chumvi inayobaki kwenye majani. Sisimizi watakuja. Simamisha miguu ya meza kwenye makopo ya maji kama wafanyavyo akina mama kwa kabati la chakula.

Kuna mjusi mmoja ambaye habari zake zinaniuma. Ni wa buluu iliyokolea kwa dume, kijani-kahawia kwa jike, urefu wake mzima haufiki sentimita 10. Jina lake la kisayansi ni Lygodactylus williamsi, alielezwa kitaalamu mwaka 1952, na kwao ni msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, pamoja na vipande vichache vya misitu ya jirani. Anaishi kwenye mikadi ya msituni. Uzuri wake ulipojulikana Ulaya na Marekani, makumi ya maelfu walikamatwa, na wakamataji walikata mkadi mzima ili wawafikie waliojificha kati ya majani. Tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini; kiambatisho hicho kinapiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliotoka porini. Ila mkadi uliokatwa haurudi kwa sheria, na Kimboza yenyewe inasongwa na msederela, mti wa kigeni uliopandwa humo na ukasambaa. Mtu akikuletea mjusi wa buluu Dar es Salaam, usinunue hata kwa nia ya kumwokoa. Pesa yako itamrudisha mkamataji msituni na panga.

Mijusi wa kigeni pia si wote wanafaa. Mjusi wa kishungi kutoka New Caledonia huanza kuteseka joto likizidi nyuzi 28, maana yake Dar ataishi kwa kiyoyozi. Mjusi chui wa Pakistani na Afghanistan anataka ukavu, na sanduku la kijani lenye unyevu si lake. Na kwa yeyote utakayemtaka, wanyamapori wa nchi hii wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kaulize kibali TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, kabla ya kukamata au kununua, hata kama mnyama unamwona ukutani kwako.

Kibali kisipopatikana, bustani ile ile itoe nje ya kioo. Ipange barazani, karibu na mnazi au mwembe kama unao. Mijusi wadogo wa mchana, wale ambao dume ana kichwa cha njano, wapo Dar kila mahali penye mti na ukuta wenye nyufa, na wataipanda sansevieria yako bila kuletwa. Unachotakiwa kufanya ni kuacha kupuliza dawa ya wadudu kwenye kuta hizo, na kuwaambia watoto na dada wa nyumbani kwamba mjusi hana sumu, fagio lisimfuate.