Asidi ya traneksamiki katika amiloidosisi ya AL: itolewe au iachwe?

Mgonjwa wa amiloidosisi ya AL akianza kuvuja damu, jicho la kwanza huenda kwenye PT na aPTT. Majibu yakiwa ya kawaida, watu hutulia mapema mno. Vipimo hivyo hupima muda ambao damu huchukua kuganda. Damu iliyoganda itadumu kiasi gani, havisemi. Hilo ndilo la kutazama kabla ya kutoa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia bonge la damu kuyeyuka.

Katika ugonjwa huu, minyororo myepesi ya kingamwili hujikunja vibaya na kulundikana kama nyuzi moyoni, kwenye figo, ini na kuta za mishipa. Kwa baadhi ya wagonjwa nyuzi hizo huinasa faktari X, protini ya kugandisha damu, na PT hurefuka. Kwa wengine kasoro iko kwenye plazimini, kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda: vichochezi vyake, tPA na urokinesi, hupanda, huku alfa-2-antiplazimini inayoidhibiti ikishuka. Damu huganda, kisha huyeyuka kabla jeraha halijafunga. Fibrinojeni (protini inayogeuka nyuzi za bonge) ikiwa ndogo na D-dima (mabaki ya bonge lililoyeyuka) ikiwa kubwa hutia shaka ya kasoro hii. Thromboelastografia, kipimo kinachofuatilia bonge tangu linapoundwa, inayoonyesha bonge likiyeyuka ndani ya dakika 30 huithibitisha.

Hapo traneksamiki ina hoja nzito. Hushika plazimajini, chanzo cha plazimini, na kuizuia isijibandike kwenye fibrini, yaani nyuzi za bonge. Plazima ya kuongezewa haiondoi kasoro hiyo, na ujazo wake unaweza kuulemea moyo uliokakamaa.

Wanaoihofia traneksamiki nao wana sababu. Figo zinazomwaga protini humwaga pia antithrombini, protini inayozuia damu kuganda ovyo, hivyo mishipa huziba kwa urahisi. Atria, vyumba vya juu vya moyo, zikijaa amiloidi huweza kuweka bonge hata mapigo yakiwa ya kawaida. Damu ikitoka kwenye figo, bonge lisiloyeyuka laweza kuziba ureta, mrija unaotoa mkojo kwenye figo.

Kwa maoni yetu, itolewe pale uyeyukaji umeonekana kwenye vipimo na uvujaji ni wa hatari, kwa siku chache, baada ya kupiga ekokadiografia, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Isiwe kinga ya kila siku. Dozi ifuate figo, kwa kuwa dawa hutoka karibu yote kwenye mkojo: kwa sindano ya mshipani, kreatinini ya 120 hadi 249 mikromoli kwa lita, miligramu 10 kwa kilo kila saa 12, 250 hadi 500, dozi ileile kila saa 24. Ikirundikana huleta degedege.

Chanzo hubaki kwenye uboho, inakotoka minyororo hiyo myepesi, na huko dawa za bortezomibu na daratumumabu ndizo zinazofanya kazi. Uvujaji usipopungua, pima faktari X. Kasoro zote mbili zaweza kumkuta mgonjwa mmoja.