Roho ameniambia, au roho imeniambia?

Kijana anamngoja binti baada ya mazoezi ya kwaya, anamwambia: "Roho Mtakatifu ameniambia wewe ndiye mke wangu." Aliyekulia kwenye makanisa yetu ameshasikia kisa hiki mara nyingi, pamoja na jibu ambalo mabinti hodari wamelitunga: "Basi ngoja na mimi aniambie." Tunacheka. Lakini binti huyo ameuliza swali ambalo wanateolojia wamelihangaikia kwa karne nyingi: Roho wa Mungu husema na muumini kuhusu ndoa, kazi na kiwanja cha kununua, au muumini anasikia matamanio yake mwenyewe yakivaa joho?

Kiswahili kina mtego wake hapa. "Roho imeniambia" ni maneno ya mtu yeyote, awe na dini asiwe nayo. Machale yamemcheza, basi. "Roho ameniambia" ni dai jingine kabisa. Kilichobadilika ni kiambishi tu, i- ikawa a-, ila msemaji ameshahama kutoka kifuani mwake hadi kwenye kiti cha enzi, na ukimpinga sasa unampinga Mungu. Kwa Kiyunani neno ni lile lile, pneuma, kwa Roho wa Mungu na kwa roho ya mtu, kwa hiyo wafasiri wetu walilazimika kuamua mstari kwa mstari. Katika Warumi 8:16 wameweka zote mbili: "Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho zetu, ya kuwa sisi tu watoto wa Mungu." Mgogoro mzima unaanza pale mtu anapolisahau hilo neno "pamoja".

Wanaotarajia kuongozwa na Roho siku hadi siku wana Maandiko upande wao. Katika Matendo 8 Roho anamwambia Filipo asogelee gari la Mwethiopia. Katika sura ya 16 Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho kuhubiri Asia. Hayo ni mambo ya safari na ratiba, si mafundisho makuu ya imani. Wakatoliki nao, katika mapaji (vipawa) saba ya Roho wanayofundishwa vijana kabla ya Kipaimara, wana "shauri", yaani msaada wa kuamua lililo sawa papo hapo. Kwa hiyo tusidhani kwamba huu ni ubishi kati ya Walokole na makanisa ya zamani. Tangu vuguvugu la Karismatiki lilipoanza kwa Wakatoliki huko Marekani mwaka 1967, mstari wa mgawanyiko umekuwa ukipita katikati ya parokia, na wakati mwingine katikati ya kitanda cha mume na mke.

Kuna hoja nyingine ambayo wasomi huipita haraka. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi hana mshauri wa fedha wala rafiki ofisini wa kumpigia simu. Kumwambia kwamba Roho alimaliza kusema zamani, na sasa asubiri mahubiri ya Jumapili, ni kumnyang'anya kitu ambacho Yoeli aliwaahidi hata watumwa na wajakazi.

Upande wa pili, wa wanaozitilia shaka sauti hizi, hauna ubaridi wa imani kama unavyosingiziwa. Una makovu. Umewaona watu walioacha dawa za presha kwa sababu "Roho amesema umepona". Umeona michango ikikusanywa kwa ufunuo ambao hauna mahali pa kukatia rufaa. Unauliza jambo la haki: kama kila wazo lililonijia nikiwa naoga ni sauti ya Mungu, Mungu atasema lini jambo nisilolipenda?

Swali hilo la mwisho linanirudisha kwenye uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na Ukristo wa jina. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, hadi Buhaya, Tanzania ya leo. Waganda wakawaita Balokole, waliookoka. Angalia Roho aliwaambia nini watu wale: rudisha ulichoiba, lipa deni la zamani, muombe mkeo msamaha. Waliita "kutembea nuruni". Sauti ile iliwagharimu mali na heshima. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi: nikiambiwa na Roho jambo linaloninyenyekeza, natulia nisikilize, nikiambiwa kwamba gari la mwenzangu ni langu kwa imani, natafuta mlango wa kutokea.

Ila nisiwasifu kupita kiasi. Ushirika wao, uliokusudiwa kumsaidia ndugu kupima alichosikia, mahali pengine uligeuka mahakama. Asiyeungama hadharani alishukiwa kuwa anaficha. Na viongozi wa kanisa nao hawakuwa waamuzi wasio na dosari. Mwaka 1941 wanafunzi wa teolojia walifukuzwa kwenye chuo cha Kianglikana cha Mukono, Uganda, kwa kutotii amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Mmoja wao, William Nagenda, hakupata kamwe upadri, akawa mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho. Kutoka katika uamsho huo huo alitoka Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kwa hiyo anayesema "liachieni kanisa liamue" anipe kwanza jibu la Mukono.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike amri fupi zinazokaa pamoja kama wake wenza: msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Watu wengi tunachagua moja. Yohana anasema "msiiamini kila roho", na hapo wafasiri wamebakiza i-. Mstari unaofuata, baada ya kupima, ndipo anasema "mwamjua Roho wa Mungu". Sijui kama wafasiri walikusudia, lakini mpangilio ni mzuri: kwanza "roho inaniambia", mezani, mbele ya watu wanaoweza kukubishia, a- itakuja baadaye, ikiwa itakuja. Hata mitume huko Yerusalemu waliandika "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi" baada ya hoja nyingi, si kabla.

Bado kuna habari moja inayovuruga kanuni yangu hii, na sitaki kuificha. Paulo yuko safarini kwenda Yerusalemu, akisema amefungwa rohoni aende. Anafika Tiro, anakaa na wanafunzi siku saba, nao kwa Roho wanamwambia asiende. Roho ni yule yule, safari ni ile ile, maagizo mawili. Wapo wanaofafanua kwamba Roho aliwaonyesha hatari tu, na katazo likawa la upendo wao. Huenda. Luka, aliyeandika Matendo, hafafanui. Hasemi nani alisikia vibaya, wala hakuna aliyemwambia mwenzake "unampinga Roho". Siku za kukaa zilipokwisha, wote wakamsindikiza pamoja na wake zao na watoto hata nje ya mji, wakapiga magoti pwani wakaomba, wakaagana. Paulo akapanda merikebuni. Wao wakarudi kwao.