Kwao ni wapi?

Swali hilo lilitoka kwa mzee mmoja wa kamati ya mazishi, saa kumi jioni, chini ya turubai, mjane akiwa amekaa hatua nne tu kutoka hapo. Kikao kizima tulikuwa tunajadili pa kumzika mchungaji aliyetuzikia watu wetu miaka 26. Hasira bado ninayo, nivumilieni.

Sisi wa Moshi tunajulikana. Mtu akifia Dar tutakodi mabasi, tukeshe njiani, ili mradi alale kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, ubavuni mwa babu yake. Sina ugomvi na hilo. Hata mimi wanangu nimeshawaonyesha mahali pangu. Lakini asiye na kihamba ndiyo hana kwao? Baba Mchungaji alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, mtoto wa miaka minane, kashika khanga ya mama yake asipotee. Akakulia kwenye makazi ya wakimbizi Ulyankulu, Tabora, akasoma uchungaji chuo cha Makumira, akaletwa kwetu. Kichaga alifundishwa na bibi zetu wagonjwa, alipokuwa akiwapelekea Chakula cha Bwana vitandani, na lafudhi yake ilituchekesha hadi ibadani. Uraia alishapewa. Kufa tu, kawa "mgeni", na mmoja akathubutu kutamka "mkimbizi".

Ajabu ni kwamba mmisionari Bruno Gutmann naye alikuja kutoka mbali, Ujerumani, mwaka 1902. Pale Kidia, Old Moshi, anatajwa mpaka leo kwa fahari, na mwaka 1938 alirudi kwao. Yaani aliyeondoka ni wetu, aliyebaki mpaka akafa ni wa kupita. Haya.

Wasifu wa marehemu nao ulisomwa dakika arobaini: semina, kamati, mabati ya kanisa. Hakuna aliyesema kwamba Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu, mwenyewe. Nilimkuta mara nyingi nyuma ya nyumba, mikono ya shati kakunja hadi kwenye kiwiko, ile kola nyeupe kaiweka dirishani isirukiwe na majani ya muhogo, mabinti zake wamezunguka kinu wakimhesabia mapigo. Wazee wa kanisa walinong'ona: mchungaji gani anashika mchi? Mama Mchungaji akiwauliza kama wao wamewahi kushika hata sufuria, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya kahawa.

Nikubali, usharika ulilipia jeneza na michango ilipatikana upesi. Kutoa pesa tunajua. (Suala la mjane kutakiwa kuhama nyumba ya usharika nitaliandika siku nyingine. Leo nitatukana.)

Swali lile alilijibu mama mwenyewe. Hakusimama, hata sauti hakupandisha: "Vitovu vya wanangu watano viko hapo nyuma, kwenye migomba. Kama kuna kwao pengine, nionyesheni, twende." Turubai zima kimya, hadi mtu wa kupanga viti akasimama na kiti chake mkononi.

Tulimzika kwenye makaburi ya usharika, upande wa mibuni. Siku ya tatu binti mkubwa akatwanga sombe kwenye kinu kilekile, tukala na ugali. Yule mzee wa "kwao ni wapi" alimaliza sahani yake, akatazama huku na huku, akamwita binti taratibu aongezewe.