Seva yako ya kufuatilia magari: jenga njia kwanza, ramani itafuata

Kampuni inapoamua kuachana na huduma ya kulipia kila mwezi na kufuatilia magari kwa seva yake, kwa kawaida mtu wa TEHAMA huanza kwa kusakinisha programu. Baada ya nusu saa ramani inafunguka, inapendeza, na haina gari hata moja. Hapo ndipo kazi inapoanza kueleweka. Programu ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye njia ambayo data hupita kutoka garini hadi kwenye seva, na mimi naona mradi wote uanzie hapo, kwa gari moja, kabla hamjanunua vifaa vya magari yaliyobaki.

Nitatumia Traccar, programu ya seva ya kufuatilia magari, kama mfano kwa sababu ni huria (leseni ya Apache 2.0), inaelewa lugha za vifaa vingi mno, na haihitaji mashine kubwa. Kwa makumi ya magari, seva ya Linux yenye kumbukumbu ya GB 2 inatosha.

Swali la kwanza ni hili: kifaa kilichoko barabarani kitaipataje seva iliyoko ndani ya mtandao wa kampuni? Kifaa kina laini ya simu na hutoka kupitia intaneti ya mtoa huduma, kwa hiyo lazima kuwe na anwani ya IP ya umma inayokisubiri. Fungua ruta ya kampuni uangalie anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, mko nyuma ya CGNAT, yaani mnashiriki anwani moja ya umma na wateja wengine: hata mkifungua poti (mlango wenye namba ambao data hupitia) kwenye ruta, hakuna kitakachoingia. Ama mwombe mtoa huduma anwani ya kudumu, ama mkodi seva ndogo nje na kuiunganisha na ofisi kwa WireGuard (aina ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti). Katika mpango huo wa pili mashine ya ofisini ndiyo inayoanzisha muunganisho, ikiwa na PersistentKeepalive (ishara ya kuuweka muunganisho hai) ya sekunde 25, na seva ya nje hupokea data ya vifaa kisha kuipitisha ndani. Traccar itaona vifaa vyote vinatoka kwenye IP moja. Hilo halina madhara, kwa kuwa hutambua gari kwa IMEI, namba ya pekee ya kila kifaa.

Vyovyote mtakavyochagua, msiandike IP ndani ya vifaa. Andikeni jina la kikoa mnalolimiliki ninyi, kwa mfano gps.kampuni.example, na TTL (muda ambao anwani hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) ya sekunde 300. Mkibadilisha mtoa huduma wa intaneti, mnarekebisha rekodi moja ya DNS (orodha inayounganisha jina na IP) na magari yote yanahama. Mkiandika IP, mtalazimika kutuma ujumbe mfupi kwa kila kifaa, na katika kila kundi la magari kuna gari lililoegeshwa mahali pasipo na mtandao wa simu, au laini ambayo namba yake hakuna aliyeiandika popote. Wekeni jedwali la IMEI, namba ya laini, namba ya gari na tarehe ya kufungwa tangu kifaa cha kwanza.

Sasa poti. Traccar hutenga poti kwa kila aina ya lugha ya kifaa: 5023 kwa GT06, 5027 kwa Teltonika, 5055 kwa programu za simu zinazotumia OsmAnd, 8082 kwa kurasa za wavuti. Fungueni zile mnazotumia tu. Mfano wa Docker (njia ya kuendesha programu ndani ya kasha lake) unaozunguka kila mahali hufungua 5000 hadi 5150, TCP na UDP. Mbali na hatari ya usalama, Docker kwa kawaida huanzisha mchakato mdogo kwa kila poti iliyofunguliwa, na mashine yenye kumbukumbu ndogo hulemewa kabla gari la kwanza halijaonekana.

Kifaa chenyewe huelekezwa kwa ujumbe mfupi. Teltonika hupokea setparam 2001:apn;2004:gps.kampuni.example;2005:5027 (apn ni jina la lango la intaneti la mtoa huduma wa simu), na kama hakina jina la mtumiaji wala nywila, ujumbe lazima utanguliwe na nafasi mbili tupu. Ukizisahau, kifaa kinanyamaza. Vifaa vya familia ya GT06 hupokea SERVER,1,gps.kampuni.example,5023,0# ambapo 1 humaanisha jina la kikoa na 0 humaanisha IP. Watu wengi huandika jina wakaacha 0 pale mbele, kisha wanailaumu ngome ya mtandao (firewall).

Kabla ya kugusa ramani, fungua faili la kumbukumbu /opt/traccar/logs/tracker-server.log na ulisome kifaa kinapopiga hodi. Hakuna sehemu ya mfumo inayosema ukweli kama faili hili. Mstari wa heksadesimali (namba za msingi wa 16) unaoanza na 78780d01 ni GT06 inajitambulisha, na tarakimu zinazofuata ni IMEI yake ikiwa na sifuri moja mbele. Unaoanza na 000f ni Teltonika: 0f ni 15, idadi ya tarakimu za IMEI zinazofuata. Ukiona 000f imeingia kwenye poti 5023, umekosea poti, na seva haitaelewa kitu. Ukiona onyo kwamba kifaa hakijulikani, njia yote ni nzima na kilichobaki ni kusajili IMEI. Ukiona kimya kabisa, tatizo liko kabla ya seva: APN, salio la laini, au ngome. Endesha tcpdump (programu inayoonyesha data inayopita) kwenye poti hiyo ujue ni upande gani.

Data ikianza kuingia, angalia saa. Traccar hufanya kazi kwa UTC, saa sanifu ya dunia. Kifaa kilichopangwa kutuma saa za mahali kitakuletea safari zilizosogea mbele au nyuma kwa saa kadhaa. Kwa GT06, amri ya GMT,E,0,0# hurekebisha. Seva nayo iwe inasahihisha saa yake kwa chrony, programu inayoilinganisha na saa za mtandaoni. Mwendo pia huwachanganya wanaosoma API (njia ya programu nyingine kuchukua data) au kuweka mipaka: ndani ya Traccar huhifadhiwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kilomita 80 kwa saa ni noti 43.2. Anayeandika 80 kwenye filter.maxSpeed ameruhusu kilomita 148.

Kuna kosa jingine ambalo huharibu ripoti zote za mafuta na safari bila mtu kugundua. Teltonika za FMB huweza kutambua kuwa injini inawaka kwa kupima volti, na mpangilio wa kiwandani huanzia volti 13.2. Kwa gari dogo ni sawa. Kwa lori la volti 24, betri iliyopumzika tayari iko juu ya hapo, hivyo lori litaonekana linawaka usiku kucha. Pandisha kiwango hadi karibu volti 26.4, au bora zaidi, unganisha waya wa swichi moja kwa moja. Waya wa umeme uwe na fyuzi yake karibu na chanzo.

Gari lililoegeshwa litaonyeshwa kuwa nje ya mtandao lisipowasiliana kwa sekunde 600, kwa mpangilio wa kawaida. Zaidi ya hapo, mtoa huduma wa simu hukata muunganisho uliokaa kimya, na seva haiwezi tena kukifikia kifaa hadi kitakapopiga chenyewe. Ndiyo maana napinga kabisa kufunga rilei (swichi ya umeme) ya kuzima injini kwa amri ya mbali isipokuwa kifaa chenyewe kinakagua mwendo kabla ya kutii. Amri iliyotumwa gari likiwa limesimama bila mtandao inaweza kusubiri kwenye foleni, ikafika dereva akiwa barabarani.

Hifadhidata ya H2 inayokuja na programu ni ya majaribio. Hamieni PostgreSQL au MySQL mapema, maana hesabu hukua haraka: nukta moja kila sekunde 10 kwa saa 8 ni nukta 2,880 kwa gari kwa siku. Magari 40 yanafikisha 115,200 kwa siku, karibu milioni 3.5 kwa siku 30. Kwa kurasa za wavuti, weka Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapitisha) mbele yenye HTTPS, na upitishe vichwa vya Upgrade na Connection kwa ajili ya WebSocket (muunganisho unaobaki wazi) kwenye /api/socket. Ukiviacha, kurasa zitafunguka vizuri lakini magari hayatasogea kwenye ramani bila kuipakia upya.

Wafanyakazi waingie kupitia mtandao wa ndani au VPN, na usajili wa wazi uzimwe. Seva ikae kwenye VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) yake, isiyoweza kuifikia mifumo ya uhasibu. Poti za vifaa hazina ulinzi wa maana: lugha nyingi za vifaa hivi hazijasimbwa, na anayejua IMEI anaweza kutuma mahali pa uongo. Kama mtoa huduma anatoa APN binafsi kwa gharama mnayoimudu, ichukueni.

Na madereva je? Rekodi hizi zinaonyesha mtu alikolala, alikosimama, alikopitia. Faida kubwa ya kuwa na seva yenu ni kwamba ninyi ndio mnaoamua nani anaziona na zinakaa muda gani, kwa hiyo amueni kabla ya gari la kwanza kufungwa kifaa, na mwambieni dereva. Mimi naona siku 90 za nukta za kina zinatosha shughuli nyingi, isipokuwa sheria au mkataba unadai zaidi. Amri ya kufuta kwenye jedwali la tc_positions iache nukta ambazo jedwali la tc_devices linazirejelea kwenye positionid, la sivyo gari lisilotembea muda mrefu litapoteza mahali pake pa mwisho. Futeni pia tc_events za kipindi hicho, na hakikisheni nakala rudufu za zamani nazo zinaondolewa kwa ratiba hiyohiyo.