Bakti ya Makuria: kodi ya mshindwa au mapatano ya majirani?

Watumwa 360 kila mwaka: hiyo ndiyo bakti, malipo ambayo Makuria ilipeleka Misri ya Kiislamu. Kwa hesabu hiyo tu, wengi huamua kwamba wafalme wa Makuria, dola ya Kikristo iliyotawala bonde la Nile kusini mwa Aswan, walikuwa vibaraka wa Misri tangu mwaka 652. Hoja ina uzito. Barua ya gavana wa Misri ya mwaka 758, iliyofukuliwa Qasr Ibrim, ngome ya kale ya Nubia (nchi ya Makuria), inamkaripia mfalme: watumwa hawaletwi ipasavyo, na wanaoletwa ni chongo, vilema, wazee dhaifu na watoto. Hivyo huandikiwa mdaiwa.

Lakini mdai naye alikuwa na deni lake. Kwa mapokeo aliyoyanukuu al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, Misri ilirudisha ardebu (kipimo cha nafaka) 1,000 za ngano, shayiri kiasi hichohicho, farasi, nguo, na hata magudulia 1,000 ya divai (naam, dola ya Kiislamu ikitoa divai). Vita vya 652 navyo havikumpa Abdallah ibn Sa'd, gavana wa Misri aliyeivamia Makuria, ushindi wa kuteka nchi: mitambo yake ya kurusha mawe iliharibu kanisa la Dongola, mji mkuu wa Makuria, ila wapiga upinde wa Nubia waliwapofusha askari wake hata Waarabu wakawaita walenga mboni. Jina bakti lenyewe latoka Kilatini, pactum, yaani mapatano.

Wanaosema ni kodi hukosea wanaposoma vifungu virefu vya al-Maqrizi kana kwamba viliandikwa 652. Yeye ni mtu wa karne ya 15. Wanaosema ni biashara tu hawaelezi kwa nini mwanamfalme Georgios wa Makuria alifunga safari hadi Baghdad, kwa khalifa, mwaka 835 kwa sababu ya malimbikizo ya bakti ya miaka 14. Alirudi na nafuu: kulipa mara moja kila miaka mitatu.

Kwangu, mizani ilisimama muda wote ambao Misri haikuweza kuweka mtu wake Dongola. Mlango ulifunguliwa na ugomvi wa ndani ya ukoo wa kifalme. Shakanda, jamaa wa mfalme Dawud, alikimbilia Cairo, na mwaka 1276 jeshi la Baybars, sultani wa Misri, likamkalisha kwenye kiti. Akaapa kuwa naibu wa sultani, na kila mwanamume mzima akatozwa dinari 1 kwa mwaka. Hapo neno kibaraka linafaa. Mwaka 1317 ukumbi wa enzi wa Dongola ukageuzwa msikiti.