Sensa iliyohesabu mtu mmoja

Nimeona meseji zenu zote. Mwenzangu niliyekuwa naye kazini ameniwahi, na ametangaza kila mahali kwamba nilipigwa na umeme nikaning'inia kwenye dakti (lile bomba kubwa la bati linalopitisha hewa) huku nalia. Uongo mtupu. Sikulia. Na umeme wenyewe ulikuwa wa volti chache za kupimia, haumshtui hata sisimizi. Kilichotokea ni kibaya kuliko hicho, ndiyo maana naona afadhali mkisikie kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufunga sensa mbili za joto. (Sensa hii ni kile kijiti cha kupimia joto, jamani, si ile ya kuhesabu watu. Ila subirini.) Moja dakti ya hewa baridi inayotoka kwenye mashine ya kupoza, nyingine dakti ya hewa inayorudi. Ni zile ambazo kwenye digrii 25 ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme, ni omu 10,000, na joto likipanda, ukinzani unashuka.

Mimi ni fundi wa utaratibu. Nikaiunga ya kwanza kwenye kontrola, kile kisanduku chenye kioo kinachosoma joto na kuiamuru mashine, nikaichovya kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, nikakoroga, nikasubiri. Kioo kikasoma 0.2. Nikamtupia mwenzangu jicho la "umeona kazi?". Nikaifuta vizuri, nikaitumbukiza mfuko wa shati, ndani ya ovaroli, isije ikapotea. Nikapanda ngazi.

Tundu nilitoboa kwa ustadi, hapo sitanii. Mbali na koili (mabomba ya maji baridi yanayopoza hewa), pale hewa inapokuwa imeshachanganyika, ili kijiti kifike katikati ya mkondo na si kugusa bati. Nikanyoosha mkono kwenye boksi, nikachukua sensa, nikakaza skrubu, nikaziba pembeni kwa silikoni, nikashusha waya nyuma ya kontrola. Nikachungulia sehemu ya kuungia: waya mbili zipo, zimekazwa. Safi.

Najua kuna ambao mmeshang'amua. Kaeni kimya, wenzenu bado wanasoma.

Tukawasha. Niliweka 14. Kioo kikasema 34.1. Dakika tano, 34.1. Dakika kumi, 34.3! Kontrola nayo ikafanya ilichofundishwa: ikafungua vali ya maji baridi mpaka mwisho. Ukiweka mkono kwenye tundu la hewa, vidole vinakufa ganzi. Kule chini watu walishaanza kuvaa makoti ndani ya nyumba. Mimi huku jasho linanitiririka.

Nikafungua waya mmoja, nikaweka mita ya kupimia ukinzani. Omu 6,800 na ushei. Nikaangalia jedwali: sawasawa na digrii 34. Kwa hiyo sensa ni nzima. Kontrola nzima. Nikamtangazia mwenzangu, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba tatizo liko kwenye mashine ya kupoza. Nilisema hivyo mbele ya mtu wa mashine ya kupoza. Alinitazama tu.

Ndipo bosi akapanda. Amejifunga shuka. Sijui alilitoa wapi, wala sikuthubutu kuuliza.

"Fundi, mashine inasema kuna joto?"

"Ndiyo, bosi. Thelathini na nne nukta nane." Maana ilikuwa imepanda tena. Nilivyozidi kuhangaika ndivyo nayo ilivyozidi kupanda, na hata hilo halikunigutusha.

"Njoo unionyeshe."

Nikageuka kumfuata. Hatua ya kwanza, sawa. Hatua ya pili, nikahisi shati linanivuta. Nikadhani nimenasa kwenye ngazi, nikajivuta kwa nguvu kidogo. Shati likanivuta na lenyewe. Bosi akasimama. Mtu wa mashine ya kupoza akasimama. Macho yao yakaanzia kwenye kontrola, yakafuata waya mweusi taratibu, ukazunguka mguu wa ngazi, ukapanda kwenye ovaroli yangu, ukaingia kwenye zipu, ukaishia kifuani. Mita tatu za waya. Nimesimama pale kama mgonjwa aliyeunganishwa na mashine ya moyo. Na kwenye kioo, mbele ya kadamnasi: 35.0.

Hakuna aliyesema neno. Nikaingiza mkono kifuani nikaitoa ile sensa, ya moto kama yai lililotoka kwa kuku.

Hiyo ya ndani ya dakti ilikuwa ya pili. Waya zake zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kontrola, hazijagusa kitu. Nikaziunga, vali ikaanza kujifunga, muda si mrefu tukawa kwenye 14.2, karatasi ikasainiwa, tukaondoka kupitia mlango wa nyuma. Hiyo ya mlango wa nyuma lilikuwa ombi langu.

Tangu juzi yule mwenzangu hanisalimii tena kama watu. Anaweka kiganja kifuani mwangu, anafumba macho, anasema, "Thelathini na nne. Fundi yupo."