Wiki ya Tatu Baada ya Dripu ya Mwisho

Dripu yangu ya sita ya kemo, yaani dawa za saratani, ilipoisha, muuguzi alichomoa sindano, akabandika pamba, akanikumbatia. Nyumbani nilipokelewa kwa vigelegele. Mama alilia, kaka zangu wakapiga makofi, simu ikaita mpaka usiku. Nilifurahi kweli. Kwa zaidi ya miezi mitatu nilikuwa nimehesabu maisha kwa siku 21: dripu, siku za kichefuchefu, siku za damu kushuka, siku chache za nafuu, kisha dripu tena. Sasa hesabu ilikuwa imekwisha.

Ikafika wiki ya tatu. Mwili wangu ulishazoea kwamba wiki hiyo tunarudi hospitali, lakini hapakuwa na wa kuniita. Usiku ule niliogopa kuliko siku niliyoambiwa kwamba uvimbe wa shingoni ni limfoma, saratani ya tezi za limfu. Wakati wa matibabu kulikuwa na dawa iliyopigana kwa niaba yangu, na kulikuwa na watu wanaonipima damu, wananishika shingo, kwapa na kinena kutafuta tezi. Ghafla nimebaki mimi na vidole vyangu mwenyewe, nikijipapasa shingo gizani mpaka ngozi inauma.

Tangu hapo nimezungumza na wengi waliotibiwa saratani hii ya tezi za limfu, wa Hodgkin na wa aina nyingine, na karibu kila mmoja ana wiki yake kama hiyo. Ndiyo maana nasema hospitali na familia tunakosea mahali pamoja: msaada unakatwa siku ileile dawa inapokatwa.

Wazo hili halikuanza na mimi. Fitzhugh Mullan, daktari wa Marekani aliyeugua saratani mwenyewe, aliandika mwaka 1985 kwamba maisha ya mgonjwa yana misimu mitatu: wa matibabu, wa kungoja na kuhofu baada ya matibabu, na ule wa mbali ambapo hofu inapungua na mtu anaishi na alama alizoachiwa. Alilalamika kwamba tumekuwa hodari wa kumwopoa mtu majini, kisha tunamwacha ufukweni akohoe peke yake. Imepita miaka mingi, na msimu ule wa pili bado hauna mwenyewe.

Kuna neno moja linalonisumbua: "umepona". Huwa linasemwa kwa upendo, nami namshukuru Mungu kwa kila asubuhi. Lakini likitamkwa mapema mno linafunga mdomo. Mdogo wangu aliniuliza, "Dada, si umepona? Mbona huna furaha?" Hakuwa na nia mbaya. Nilijibu kwamba nimechoka tu, kisha nikakaa miezi miwili bila kumwambia lolote la kweli. Na kuna wenye limfoma za polepole, kama ile iitwayo ya folikula, ambao daktari hawatamkii neno hilo kabisa, kwa kuwa ugonjwa wao hutulia kwa miaka kisha ukarudi. Wao wajibu nini wakipongezwa kwamba wamepona?

Nilichohitaji kuambiwa ni habari za mwili. Vinkristini, moja ya dawa za dripu yangu, huumiza mishipa ya fahamu, hasa ya vidole vya mikono na miguu. Sikuweza kufunga vifungo vya blauzi. Nilidondosha vikombe. Nilidhani saratani imeingia kwenye ubongo, na nililala na wazo hilo usiku kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kuuliza. Jibu lilichukua dakika moja: ni dawa, kwa wengi ganzi hupungua miezi inavyokwenda, kwa baadhi hubaki kidogo, na ukiwa na ganzi ya nyayo vaa viatu na angalia maji ya moto. Ningeambiwa mapema, ningelala.

Uchovu nao. Huu si wa kulala ukaamka umekwisha. Unaweza kuoga tu ukahitaji kujilaza. Sehemu yake ilikuwa vile vidonge vya prednisoloni, ambavyo nilimeza kwa siku tano kila mzunguko na vilinipa nguvu ya kuazima. Vilipokoma, nguvu hiyo ikadaiwa yote. Ila kwa watu wengi uchovu huu huendelea miezi, kwa wengine mwaka na zaidi. Cha ajabu, dawa yake iliyothibitishwa vizuri kuliko zote ni kutembea. Kidogo kila siku, hata dakika kumi, ukiongeza taratibu. Nilikasirika nilipoambiwa hivyo, kwa sababu niliona kama naambiwa mvivu. Leo nawaambia wengine, lakini kwanza nawaamini kwamba wamechoka. Na uchovu usiopungua uchunguzwe: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi kwa waliopigwa mionzi shingoni au kifuani, usingizi, na sonona, ambayo huvaa nguo za uchovu mtu asiitambue.

Kinga ya mwili ndiyo iliyowachanganya zaidi watu wa nyumbani. Nywele zilipoanza kuota tena, wote tuliona hatari imepita. Kumbe rituksimabu, dawa nyingine ya dripu yangu, hufyeka seli B, yaani chembe za kinga za damu, zilizo nzima na zenye saratani pamoja, na zile nzuri huchukua miezi sita hadi kumi na miwili kurudi. Katika kipindi hicho hata chanjo huenda isishike vizuri, na chanjo zenye virusi hai haziruhusiwi. Aliyewahi kuwa na homa ya ini B anahitaji kufuatiliwa hata baada ya dripu, maana virusi hivyo vinaweza kuamka. Joto likifika nyuzi 38 piga simu, usisubiri asubuhi. Mtu mwenye nywele mpya na tabasamu bado anaweza kuangushwa na mafua ya mgeni aliyekuja kumpongeza.

Halafu kuna suala la vipimo. Nilipoambiwa kipimo cha mwisho cha PET, picha ya mwili ya kutafuta saratani, ni safi, nikaomba kingine baada ya miezi mitatu. Daktari akakataa, nami nikaondoka nimeumia, nikiamini nimesahauliwa. Sasa najua alikuwa sahihi. Kwa Hodgkin na kwa limfoma ya seli B kubwa, mtu asiye na dalili hashauriwi kupigwa picha za mara kwa mara: mionzi inajilimbikiza, picha inaweza kuonyesha kivuli kisicho ugonjwa ukaishia kukatwa kipande cha nyama cha kupimwa bure, na mara nyingi ugonjwa ukirudi, anayeanza kuuona ni mgonjwa mwenyewe. Tezi isiyouma inayokua na kukaa zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku la kulowesha shuka, homa isiyo na sababu, kilo zinazopotea. Hayo ndiyo ya kumrudisha hospitali bila kungoja tarehe. Hoja ya daktari ilikuwa nzuri, ila hakunieleza, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Mtu aliyetoka kupambana na kifo akinyimwa kipimo bila maelezo, husikia kwamba hana thamani tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa hospitali ni karatasi moja. Iandikwe siku ya dripu ya mwisho: dawa ulizopata na jumla ya dozi zake, mahali ulipopigwa mionzi, dalili za kukurudisha haraka, tarehe za kliniki, na namba ya kupiga. Jumla ya doksorubisini, ile dawa nyekundu, ni muhimu hata baada ya miaka ishirini, kwa sababu inaweza kudhoofisha moyo muda mrefu baadaye, na daktari utakayemwona wakati huo hatakuwa na habari. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya kifua akiwa kijana anapaswa kuanza uchunguzi wa matiti mapema kuliko wenzake. Nani atakumbuka haya kichwani? Hata kumbukumbu yenyewe hupungua baada ya kemo. Mimi nilisahau majina ya watu niliofanya nao kazi miaka.

Kwa familia, naomba msiondoke wote pamoja. Wakati wa dripu nilikuwa na watu watano wa kunisindikiza. Mwezi wa pili baadaye, siku ya majibu, nilikwenda peke yangu kwa sababu niliona aibu kuomba tena. Njooni siku za majibu. Ulizeni swali dogo linalojibika, "Jana ulilala saa ngapi?", badala ya "Unaendeleaje?" Na mtu akisema anaogopa, kaeni na hofu yake kidogo kabla ya kuifukuza.

Aliyenitoa gizani alikuwa mzee mmoja niliyemkuta akingoja kliniki, miaka minne baada ya matibabu yake. Hakunipa hongera. Aliangalia mikono yangu ikihangaika na zipu ya mkoba akauliza, "Vinkristini?" Nikalia pale pale mbele za watu. Ushauri wa mtaalamu wa nafsi niliupata baadaye na ulinisaidia sana, hasa kwa ile tabia ya kujipapasa shingo. Tulikubaliana mara moja kwa mwezi, mchana, basi. Lakini mlango uliofunguliwa na mzee yule, mtaalamu asingeweza kuufungua.

Hivi sasa kuna binti aliyemaliza dripu mwezi uliopita ambaye tunapigiana simu. Juzi aliniuliza, "Dada, hii hali itaisha lini?" Nilimwambia kwamba vidole vyangu viwili bado vina ganzi, na kwamba jana nilitembea saa nzima. Alinyamaza muda mrefu, nikamsikia anapumua. Kisha akasema, "Basi nitakupigia Jumapili."